Kapata 80, ukimuuliza 8 na 5 anaganda

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninafundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya serikali mkoani Geita. Nina watoto 94, mkondo mmoja. Kila mwisho wa mwezi tunawapa mtihani wa Kuhesabu wa maswali 20 tunaoununua kwa mchapaji. Mwezi uliopita watoto 51 walipata zaidi ya 80. Juzi nikamwita mbele mmoja wao, nikamuuliza 8 na 5 ni ngapi, akaganda. Nikamwita mwingine, vilevile. Mwalimu mkuu anasema niongeze mitihani, iwe kila wiki, tena kwa saa ili wazoee. Wazazi nao wanataka nafasi: wa kwanza nani, wa mwisho nani. Mimi nimechoka kusahihisha na sioni nilichokijua. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na kilichonikaa ni yale maneno ya mwisho, kwamba unasahihisha mpaka unachoka na huoni ulichokijua. Maswali 20 kwa watoto 94 ni vema na makosa 1,880 ya kalamu nyekundu. Ukiufanya mtihani uwe wa kila wiki, kwa mwezi yatakuwa 7,520, na Jumatatu asubuhi bado utasimama ubaoni hujui uanzie wapi. Uchache wa mitihani sio unaokusumbua.

Ila kabla ya kuugeukia mtihani, nimtetee kidogo huyo mtoto. Umemwita mbele, wenzake 93 wanamkodolea macho, na mwalimu kasimama pembeni yake anangoja. Hata mimi ukinisimamisha hivyo kwenye mkutano wa kijiji uniulize umri wa mwanangu wa pili, naweza kukwama. Kuganda kwake hakuthibitishi kwamba hajui. Na zile 80 hazithibitishi kwamba anajua. Una vipimo viwili vinavyopingana na vyote viwili vibovu, kwa hiyo usiamini hata kimoja mpaka umeketi naye.

Nikusimulie lililonipata mimi. Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa na mvulana aliyepata 10 kwa 10 karibu kila zoezi la kujumlisha. Nilimtoa mfano kwa wenzake. Alikuwa anakaa dawati la ukutani, na ukuta ule ulikuwa na safu za tofali za matundu, zile za kupitisha hewa. Muhula wa pili paa likaanza kuvuja, nikapanga madawati upya, yeye akaangukia katikati ya darasa. Akaanza kupata 3, akapata 4. Nilimwambia amekuwa mvivu, na sikuishia kwenye maneno, jambo ambalo hadi leo linanichoma. Siku moja jirani yake akaniambia bila kuulizwa: "Mwalimu, huyu alikuwa anahesabu matundu." Swali la 8 na 5, anahesabu matundu manane, anaongeza matano, kisha anarudi kuhesabu yote tangu la kwanza. Miezi mitano nilikuwa nikisahihisha daftari lake na sikuwahi kumtazama akifanya kazi hata mara moja.

Hilo ndilo nataka tuliongelee: mtoto wa darasa la kwanza au la pili umpime kwa kuitazama njia anayopita. Jibu alilofikia litakudanganya, akipata na akikosa.

Chukua swali moja la kwenye karatasi zenu, 28 + 15. Mtoto wa kwanza ameandika 313, wa pili 33, wa tatu 42, wa nne 43. Kwa kalamu nyekundu, watatu wamekosa na mmoja kapata. Sasa keti nao. Wa kwanza kajumlisha 8 na 5 akapata 13, akaiandika yote, kisha akajumlisha 2 na 1 akapata 3, akaitanguliza mbele. Kujumlisha anajua. Asichokijua ni kwamba ile 2 ya kwenye 28 ni makumi mawili. Wa pili ameandika 3 chini na 1 akaiweka kichwani kama ulivyomfundisha, halafu akaisahau hukohuko kichwani. Wa tatu kachora vistari 28, akachora vingine 15, akavihesabu vyote tangu cha kwanza, akaruka kimoja njiani. Na wa nne, mwenye vema? Igeuze karatasi yake uone nyuma. Kachora vistari 43. Anafanya kama wa tatu, ila siku hiyo hakuruka.

Tiba zao hazifanani. Wa kwanza anahitaji vijiti na mipira ya kufungia, afunge kumi, afungue kumi, mpaka fungu limwingie akilini kama kitu kimoja. Wa pili mwonyeshe mahali pa kuiandika ile 1 juu ya makumi. Dakika mbili zinatosha. Wa tatu na wa nne wana ugonjwa mmoja, na ndio unaokula muda kuliko yote: kuachana na kuhesabu kimoja kimoja, kuzijua jozi za kumi (7 na 3, 6 na 4) bila kufikiri, na kuiona 8 na 5 kuwa ni 8 na 2, kisha 3. Mtihani wenu ulimweka wa nne juu na wa pili chini. Mimi ningeanza na wa nne.

Kwenye kutoa utakutana na 42 − 17 = 35. Huyo 7 haimtoki kwenye 2, basi anageuza, anatoa 2 kwenye 7. Kosa hili linajulikana dunia nzima na lina mantiki yake: mtoto ameshaambiwa mara nyingi kwamba namba ndogo ndiyo hutolewa kwenye kubwa.

Sasa vitendo. Tafuta vizibo vya soda 20 na ushee, bakuli lisiloonyesha ndani, na vijiti 40, ambavyo 30 kati yake umevifunga mafungu matatu ya kumi kumi. Ongeza penseli na kipande cha karatasi. Keti na mtoto mmoja pembeni, kwenye mkeka au benchi, macho yenu yawe usawa mmoja, na yeye awape wenzake mgongo.

Anza kwa kumwambia, "Nipe vizibo vinane." Darasa la pili wengi watakupa vinane, na swali hili ni la kumtoa hofu tu. Lakini kuna atakayekusanya kiganja kizima akakumwagia. Huyo anaijua orodha ya namba kama wimbo na hajajua kwamba kila neno la wimbo ni la kizibo kimoja, wala kwamba neno la mwisho ndilo idadi. Wanasaikolojia Rochel Gelman na Randy Gallistel walilieleza hili vizuri mwaka 1978: kuhesabu ni kanuni kadhaa zinazofanya kazi pamoja, na mtoto anaweza kuwa na moja akakosa nyingine. Ukimkuta, rudi naye kwenye kazi za darasa la awali bila kuona haya.

Kisha lete bakuli. Weka vizibo 9, avihesabu mwenyewe, uvifunike. Weka vingine 4 nje ya bakuli, avione. Muulize, "Vya ndani na vya nje, vyote ni vingapi?" Unyamaze. Mmoja atakuambia vinne, maana kwake kilichofichwa hakipo. Mwingine ataligonga bakuli kwa kidole mara tisa, moja, mbili, tatu, kisha aendelee na vya nje. Mwingine atasema "tisa," atulie, kisha "kumi, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu." Na mwingine atatamka kumi na tatu ukiwa bado hujamaliza kuuliza. Swali hili moja linakuonyesha watoto wa aina nne, na wote wangeweza kukuandikia 13 kwenye karatasi wakipewa nafasi ya kuchora vistari.

Baada ya hapo mpe mafungu matatu ya vijiti na vijiti sita vya peke yake. "Hapa viko vingapi?" Akianza kufungua fungu ili ahesabu kimoja kimoja, umeshajua kwa nini anaandika 313. Malizia na fumbo ambalo utalisema kwa mdomo: Asha alikuwa na maembe 7, akala mengine, yakabaki 4. Amekula mangapi? Fumbo hili ni gumu kuliko linavyoonekana kwa sababu kinachotafutwa kiko katikati. Mtoto aliyezoea kusikia "jumla" akajumlisha na "bakia" akatoa, hapa atapapasa. Wengine watakujibu 11 kwa ujasiri kabisa.

Kila baada ya jibu uliza, "Umejuaje?" Mwanzoni swali hilo litakuvurugia mambo. Katika madarasa yetu mwalimu akiuliza mara ya pili maana yake umekosa, kwa hiyo mtoto atabadilisha jibu sahihi papo hapo. Dawa ni kuuliza hata alipopata, tena ukiwa darasani na wote, kila siku, mpaka walizoee.

Kuna mambo mawili nayaona kwa wanachuo wangu wa ualimu kila mwaka, na nadhani na wewe utayafanya. La kwanza ni kufundisha katikati ya kupima. Mtoto akisitasita, mwalimu anadokeza: "Sasa tisa ukiongeza moja...?" Umeshamharibia kipimo. Utamfundisha kesho, leo unasikiliza. La pili ni uso. Mtoto wa miaka saba anasoma nyusi za mwalimu haraka kuliko anavyosoma namba. Akikosa itikia, akipata itikia vilevile. Na mpe muda. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kufungua mdomo, utashangaa wangapi wanajibu ukiwa umefika saba. Akikosa mfululizo, simamisha, mpe kimoja anachokiweza, aondoke akiwa na uso wa kawaida.

Najua unachowaza: hao wengine 93 wako wapi wakati huo? Mazungumzo haya ni dakika tano. Ukichukua wanne kwa siku ni dakika 20, kwa wiki umeona 20, na ndani ya wiki tano umewamaliza wote. Wengine wawe na zoezi la wawili wawili: mmoja anaficha baadhi ya vizibo kumi mkononi, mwenzake anaotea vilivyofichwa. Kelele itakuwepo. Ukipata mwanachuo aliyeletwa kwenu kwa mafunzo kwa vitendo, mkabidhi darasa, wewe ukae na bakuli. Usifanye kinyume chake. Na kama wiki tano ni nyingi, si lazima uwaone wote. Waandikie maswali matano tu ubaoni, wafanye, kisha wachukue waliotoa majibu ya ajabu pamoja na wachache waliopata yote. Hao waliopata yote usiwaache. Mvulana wangu wa matundu alikuwa miongoni mwao.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo mitihani ya kununua hailigusi, nalo ni namba zenyewe kwa Kiswahili.

Lugha yetu inamsaidia mtoto mahali fulani na kumwacha mahali pengine. Kuanzia 11 hadi 19 inamsaidia sana: kumi na moja, kumi na mbili, jina lenyewe linasema lina kumi na nini. Mtoto wa Kiingereza anayeambiwa "eleven" hana msaada huo. Lakini tukivuka 19 tunaingia kwenye maneno tuliyoyachukua kutoka Kiarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Hakuna mbili inayosikika ndani ya ishirini, wala nne ndani ya arobaini. Sitini, sabini na tisini angalau zinafanana na sita, saba na tisa, kwa kuwa hizo nazo asili yake ni hukohuko. Themanini inampoteza kabisa mtoto anayejua nane. (Wahenga walikuwa na majina yao ya Kibantu, fungate ya maharusi ni saba ile ya zamani iliyobaki kwenye ndoa.)

Kwa hiyo mtoto anaweza kuimba hadi mia moja bila kukosea na bado asijue kwamba hamsini ni makumi matano. Mpime kwa swali hilohilo: "Hamsini ina mafungu mangapi ya kumi?" Wengi wanaotamka hadi mia watanyamaza. Kisha mwambie aandike, usimwandikie, ishirini na tatu. Utapata 203. Kwa mia moja na tano utapata 1005. Makosa hayo yanafanywa na mtoto anayesikiliza vizuri: amesikia ishirini akaandika 20, akasikia na tatu akaongeza 3. Ameandika alichoambiwa. Ukiweka kosa jekundu bila neno, atadhani amesikia vibaya, kumbe shida yake ni kwamba hajajua sifuri ya 20 ilikuwa imeshika nafasi ya mamoja, na sasa mwenyewe amekuja.

Huko kwenu watoto wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma au lugha nyingine ya Kibantu. Waulize wanavyohesabu kwa lugha ya nyumbani. Lugha nyingi kati ya hizo huita 20 makumi mawili na 30 makumi matatu kwa maneno yao, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa tayari anacho kitu unachohangaika kumpa. Na mtoto mpya kwenye Kiswahili anayeshindwa fumbo la maembe, mwombe mwenzake amtafsirie kabla hujaandika kwamba hajui hesabu.

Suala la saa. Mwalimu mkuu hakulitoa hewani. Kipo kipimo cha hesabu za awali kinachojulikana kwa kifupi cha EGMA, ambacho kimetumika katika nchi nyingi, hapa kwetu pia. Ndani yake mtoto anahojiwa mmoja mmoja kwa mdomo, na sehemu za kutambua namba na za kujumlisha na kutoa kwa namba ndogo hupimwa kwa sekunde 60. Sababu ya saa ni kutofautisha anayekumbuka 6 na 3 na anayehesabu vidole, kwa kuwa wa vidole atafanya chache. Mpimaji hamwachii mtoto mmoja aone wenzake wamemtangulia, na sehemu nyingine, kama kulinganisha namba na mafumbo, hazina saa kabisa. Ukilichukua jambo hilo ukaliweka kwenye mtihani wa karatasi wa watoto 94, kinachobaki ni hofu tu. Tena unachotafuta kwa saa unaweza kukiona bure: tazama vidole, midomo, na pembezoni mwa karatasi. Mimi darasa la kwanza na la pili siweki saa. Na vidole usivikataze. Ukivikataza wataviingiza chini ya dawati, na wewe utakuwa umepoteza dirisha lako.

Kuhusu karatasi yenyewe, kuna kasoro ndogo zinazokula alama. Fumbo ambalo mtoto analisoma mwenyewe linapima kusoma kwanza. Lisome wewe kwa sauti mara mbili. Swali la kunakili kutoka ubaoni linapima kunakili, na 3 + 4 ikinakiliwa 34 usitegemee jibu. Na picha za kununua! Niliwahi kuona kuku sita waliotolewa nakala mpaka wakawa mawe. Watoto wawili waliandika "hakuna kuku". Niliwapa alama.

Mtoto aliyeshindwa karatasini mjaribu pia kwa hela. Mwaka 1985 Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti wao wa mjini Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano wenye umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu barabarani na sokoni, wakanunua kwao na kuwauliza bei na chenji. Watoto walipata asilimia 98 ya maswali. Baadaye wakawapa hesabu zilezile kwa penseli na karatasi. Zilizokuwa kwenye mafumbo walipata asilimia 74, zilizokuwa namba tupu asilimia 37. Watoto walewale. Wa kwako ni wadogo zaidi, lakini wapo wanaotumwa dukani kila jioni. Muulize: una noti ya 1,000, umenunua chumvi ya 700, unarudisha ngapi? Akijibu papo hapo, kichwa chake ni kizima, na kazi yako ni kuitafutia ile chenji njia ya kwenda kwenye 10 − 7.

Kuna upimaji mwingine wa juu yako, nao usikutishe. Upo Upimaji wa Kitaifa wa darasa la pili wa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na darasa la nne wanapimwa tena kitaifa. Upo pia Uwezo, ulioanza mwaka 2009 hapa Afrika Mashariki kwa kufuata mfano wa ASER, upimaji wa shirika la Pratham nchini India ulioanza 2005. Wapimaji wake huwafuata watoto majumbani, wakawapa maswali ya kiwango cha darasa la pili hata waliovuka darasa hilo zamani. Vipimo hivi vinaiambia nchi au wilaya imesimama wapi, na vimetusaidia kukiri mambo. Havikuambii mtoto wa dawati la tatu anahesabuje 8 na 5, na havikutengenezwa kwa kazi hiyo. Kilichonivutia kwa Pratham ni kinachofuata baada ya kupima: watoto hupangwa kwa makundi ya wanachokiweza, si kwa umri wala darasa, hufundishwa hapo kwa kipindi kila siku, kisha hupimwa tena na kuhamishwa kundi. Kundi ni la muda. Mtoto akikaa kundi moja mwaka mzima, ujue limeshageuka jina la utani.

Kwako makundi matatu yanatosha. Wanaohesabu vyote tangu kimoja, wanaoendeleza kutoka namba kubwa, na wanaojua kichwani. Kwenye kauntabuku lako andika majina, tarehe, na herufi moja: V ya vistari, E ya kuendeleza, K ya kichwani. Pembeni acha nafasi ya maneno machache, kama "203" au "anafungua mafungu". Usiandike zaidi. Dakika 20 za mwanzo wa kipindi, V wawe na vizibo na jozi za kumi, E wawe na mafungu ya vijiti, K wape mafumbo watungiane wenyewe.

Sasa mwalimu mkuu. Usiende kupinga mtihani, utaonekana unakwepa kazi. Mwambie unauacha mtihani wa mwezi ila utautunga mwenyewe, maswali manane badala ya 20, na umpelekee kauntabuku pamoja na alama. Mwonyeshe karatasi nne za 28 + 15. Mwalimu mkuu aliyewahi kushika chaki atazielewa kabla hujaeleza. Akikuuliza nani atasahihisha, nane kwa 94 ni 752, na muda uliookoa ndio wa bakuli.

Wazazi ni kazi kidogo. Mzazi anayeuliza nafasi anataka kujua kama mwanawe yuko salama, na nafasi ndiyo lugha pekee tuliyompa ya kuuliza. Wa 40 kati ya 94 haimwambii afanye nini nyumbani. Mwandikie sentensi tatu: "Anasoma na kuandika namba hadi 50. Akijumlisha bado anachora vistari. Nyumbani mcheze kuficha maharage kumi mkononi, aseme yaliyofichwa." Mwezi wa kwanza watalalamika. Nami nimeona bibi mmoja aliyekuja shuleni na maharage yake kwenye kitambaa kuuliza kama anachocheza na mjukuu ndicho tulichomaanisha.

Kesho chagua wanne: yule aliyeganda, mmoja aliyepata 100, mmoja ambaye sauti yake huijui, na mmoja yeyote. Mweke wa 100 awe wa kwanza kwenye bakuli, wakati wewe bado una subira.